Matumbawe yakidhoofika Lubumbashi: mambo ya kuzingatia kabla ya kumwaga dawa

Tumbawe likianza kufifia ndani ya tangi la maji ya chumvi nyumbani, wengi wetu sisi wafugaji hukimbilia kutafuta kitu cha kumimina majini. Kwa mtu wa Lubumbashi haraka hiyo ina gharama kubwa. Tuko mbali na bahari zote mbili, ya Atlantiki na ya Hindi, na matumbawe yenye mifupa ya mawe yamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hayavuki mpaka bila kibali. Likifa kundi moja, hutalirudisha juma lijalo. Ndiyo maana nasisitiza matayarisho: vifaa viwepo nyumbani, na vipimo viandikwe daftarini wakati matumbawe yana afya, ili siku yakiugua uwe na cha kulinganisha.

Hakikisha kwanza kwamba vipimo vyenyewe havidanganyi. Rifraktomita ya kupimia chumvi isawazishwe kwa kimiminika maalumu cha 35 kwa elfu, si kwa maji matupu, maana inaweza kuwa sahihi kwenye sifuri na kukosea pale unapoihitaji. Chumvi ikae karibu 35 kwa elfu, joto nyuzi 24 hadi 27, alkali (uwezo wa maji kuzuia asidi) kati ya 7 na 11 kwa kipimo cha dKH, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Kati ya hizo ninayoihofia zaidi ni alkali, na si kiwango chake bali kuyumba kwake. Tangi lililotulia kwenye 7.5 kwa miezi lina heri kuliko linaloruka kati ya 8 na 10 kila juma. Nitrati na fosfati, yaani virutubisho vya majini, zisizidi, lakini zisifike sifuri. Tumbawe lisilopata virutubisho hupauka, na mwenye tangi hudhani taa imelichoma.

Kisha tazama kwa karibu, mchana, na tena usiku kwa tochi, kabla hujataja ugonjwa wowote. Tumbawe lililogeuka jeupe lakini bado lina ngozi nyembamba inayong'aa, na vinywa vidogo vinavyojikunja ukiyatikisa maji, limefukuza mwani uliokuwa ukiishi ndani yake. Liko hai, na linaweza kupona. Likiwa jeupe kavu, matundu wazi, kingo kali, bila utelezi wowote, hapo unaangalia mfupa. Ngozi inayobanduka kuanzia shinani kwenda juu, shuku kwanza alkali iliyoruka au mkondo wa maji uliokufa. Rangi ikielekea kahawia, mwanga ni haba au virutubisho vimezidi. Usiku ndipo utakapowaona konokono weupe wasio na gamba wanaokula matumbawe aina ya Montipora, na alama za duara zinazoachwa na minyoo bapa kwenye yale ya Acropora. Mdudu wa aina hiyo hafi kwa kubadilisha maji, kwa hiyo ni vizuri umtambue mapema.

Sasa maji, na hapa naomba uvumilivu. Mji wetu ulizaliwa na shaba. Tanuru lake lilianza kuyeyusha mwaka 1911. Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 2 za shaba katika lita ya maji ya kunywa. Matumbawe, kamba na konokono hudhurika kwa sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Maji yanayomfaa mtoto wako, basi, yanaweza kuliangamiza tangi lako. Wala shaba si lazima itoke ardhini. Inama chini ya sinki utazame maungio ya bomba: ukiona ukoko wa kijani kibluu kuzunguka nati ya shaba nyeupe, hapo metali inayeyuka. Badilisha uweke plastiki, na yale maji yaliyolala bombani usiku kucha yamwage kwanza.

Uwe unaishi Golf au Katuba, uwe unatumia bomba au foraji (kisima kirefu cha kuchimbwa), usitie maji ya tangi bila kuyapitisha kwenye kichujio cha osmosisi, chenye utando unaozuia chumvi na metali, na kile cha resini kinachofuata kunasa mabaki. Kichujio cha osmosisi kinahitaji msukumo wa kama bari 3 hadi 4. Msukumo ukiwa dhaifu, weka pampu ya kuusaidia, la sivyo utando hauchuji ipasavyo. Maji yanayotoka yapimwe kwa mita ya TDS, inayosoma jumla ya vitu vilivyoyeyuka. Isome sifuri, na resini ibadilishwe sifuri hiyo inapoanza kupotea. Kumbuka kwamba TDS huonyesha jumla tu, haisemi kama ni shaba au chokaa, kwa hiyo kipimo cha shaba kinunuliwe peke yake. Maji ya mvua kutoka kwenye bati nisingeyatumia katika mji wa viwanda vya madini. Na dawa za samaki zenye shaba zisikaribie kabisa: mawe ya tangini huifyonza shaba, kisha huiachilia polepole.

Umeme ukikatika, kinachoua kwanza ni ukosefu wa oksijeni. Giza la siku moja matumbawe huvumilia. Tuko juu, takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini hapa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia kumi kulinganisha na pwani, basi akiba yetu huisha upesi. Pampu ya hewa ya batri iwe tayari, imejaribiwa. Kama una inveta, ipe kwanza pampu ya mkondo, halafu kipasha joto. Usiku wa Juni na Julai zungushia tangi blanketi, ila uso wa maji uache wazi. Mbabula ya makaa isiwekwe chumba kimoja na tangi: hewa ya ukaa hushusha pH ya maji, na kwa watu moshi wake ni hatari zaidi. Dawa ya kupulizia mbu nayo iwe marufuku chumbani humo, kwa sababu pirethroidi, kemikali inayotumika katika dawa nyingi za aina hiyo, ni sumu kali kwa samaki na kamba.

Weka pia akiba ya maji ya chumvi yaliyokwisha changanywa, angalau sehemu ya tano ya ujazo wa tangi, pamoja na mkaa mpya wa kuchujia. Hivyo viwili vinaweza kutumika hata kabla hujajua chanzo. Mengine yote yarekebishwe moja moja na taratibu: alkali isipande zaidi ya dKH 1 kwa siku. Kiangazi maji yanapopungua kwa mvuke, ongeza maji matupu yaliyochujwa. Chumvi haikuondoka na mvuke.

Glavu na miwani viwe karibu. Baadhi ya matumbawe laini ya jamii ya Palythoa yana palitoksini, sumu inayoweza kumlaza mtu mzima hospitalini. Usichemshe jiwe lenye matumbawe hayo wala usilisugue kavu.

Na kabla baridi haijaingia, mwezi wa Mei hivi, kata kipande cha kila tumbawe lenye afya ukampe mwenzako mwenye tangi upande mwingine wa mji. Tangi lako likianguka, mbegu iko kwake. La kwake likianguka, iko kwako.