Kumchagulia Mbwa Wako Jina la Kireno

Jina la Kireno huvutia jicho kabla ya sikio, na hapo ndipo wengi hukosea. Mtu huliona neno Coração limeandikwa vizuri, akaambiwa kwamba maana yake ni moyo, akalipenda na kumpa mbwa wake; kabla wiki haijaisha, kila mtu nyumbani anaita lake. Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta. Mbwa jike wangu wa kwanza nilimwita Coração, watoto wakasema "Korasao", wageni wakasema "Korakao", na mimi mwenyewe, siku nilipomwona akilikaribia lango lililosahauliwa wazi, pumzi iliniishia nusu ya njia nikapiga kelele "Kora!". Aligeuza kichwa papo hapo, masikio yamesimama, akarudi mbio hadi miguuni pangu. Alikuwa ameishi nasi mwezi mzima bila kugeuka namna hiyo. Tangu siku hiyo nafuata utaratibu mmoja, nao ndio ninaoueleza hapa: sauti huchaguliwa kwanza na maana hufuata, kwa kuwa mbwa hupata sauti tu, na maana ni yetu sisi tunaomlea.

Kabla hujatafuta jina lolote, amua unafuata Kireno cha wapi. Lugha hii husemwa Ureno, Brazili, Angola, Msumbiji na kwingineko, na neno lilelile huweza kutoka kinywani kwa namna mbili zilizo mbali sana. Chukua Valente, yaani shujaa. Mtu wa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, huimeza irabu ya mwisho hata ikasikika kama "Valent", ilhali Wabrazili wengi husema "Valenchi", kwa sababu kwao t inayofuatwa na sauti ya i hugeuka ch. Estrela, yaani nyota, husikika kama "Shtrela" Lisbon na "Estrela" katika sehemu kubwa ya Brazili. Hakuna matamshi yaliyo bora kuliko mengine, ila nyumba isiyochagua moja humchanganya mbwa, kwa sababu "Valent" na "Valenchi" kwake ni majina mawili.

Habari njema ni kwamba msemaji wa Kiswahili ana mtaji mkubwa mdomoni tayari. Herufi nh za Kireno ni ny yetu ya "nyumba", hivyo Castanha, lile tunda la kahawia linalochomwa wakati wa baridi, husomwa "Kashtanya" au "Kastanya", na Bolinha, yaani kampira, husomwa "Bolinya". Ç ni s ya kawaida, ch ni sh, na lh ni l inayosemwa pamoja na y, kama katika Orelha, sikio, jina zuri kwa mbwa mwenye masikio makubwa. R inayoanza neno, au rr katikati ya neno, ndiyo huwatisha wageni wengi, ilhali kwa matamshi ya Lisbon inakaribiana na gh yetu ya "ghafla", na kwa Wabrazili wengi inakaribiana na h ya "hewa". Kwa hiyo Rosa ni "Ghoza" kwa mmoja na "Hoza" kwa mwingine, s ile ikisikika kama z kwa sababu iko kati ya irabu mbili. O ya mwisho isiyo na mkazo husemwa u, kwa hiyo Piloto ni "Pilotu" na Farrusco humalizikia kwa "-ku".

Mkazo nao uko upande wetu. Sisi hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno mengi ya Kireno yanayoishia kwa a, e au o hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana Canela (mdalasini), Pipoca (bisi) na Estrela hututoka bila shida. Yanayoishia kwa l, r, z, i, u au ão kwa kawaida huvuta mkazo hadi silabi ya mwisho: Fiel (mwaminifu), Feliz (mwenye furaha), Caju (korosho), Leão (simba). Alama iliyo juu ya herufi ikionekana, mara nyingi ndiyo inayoonyesha mkazo ulipo. Usiipuuze hata kidogo, na mfano wa kukumbuka ni Coco. Coco lenye mkazo mwanzoni ni nazi, na lingekuwa jina zuri sana kwa mbwa mweupe au wa kahawia. Ukipeleka mkazo mwishoni umepata cocô, ambalo ni kinyesi katika lugha ya watoto. Pinto nalo ni kifaranga kwa maana ya asili, lakini mtaani Brazili ni neno la matusi. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuamua, mwombe mtu aliyekua na lugha hiyo alisikilize jina unavyolitamka wewe, kwa mdomo wako, kwa sauti ya kuita. Kusoma maana kwenye kamusi hakutoshi.

Sauti ya ão inahitaji maneno ya peke yake, maana ndiyo huyafanya majina mengi ya Kireno yapendeze na ndiyo huyaharibu yakiitwa. Ni irabu inayopita puani. Weka kidole chini ya pua, sema "au" polepole, kisha irudie huku ukiiacha pumzi itoke kinywani na puani kwa pamoja. Kidole kikihisi joto, umefika. Trovão (radi), Carvão (makaa), Feijão (haragwe) na Leão vyote huishia hapo. Ukiona familia yako haiwezi, au haitaki kujizoeza, liache jina hilo. Ni afadhali Canela linaloitwa sawasawa na wote kuliko Trovão linaloitwa kwa namna tano.

Hatua inayofuata ni kulipima jina dhidi ya maneno ambayo mbwa atayasikia kila siku. Jina la silabi mbili au tatu hutosha: la silabi moja hupotea katikati ya mazungumzo, na la silabi nne watu watalikata wapende wasipende. Kisha liweke kando ya amri zako. João, ukilisema haraka, halina tofauti kubwa na "njoo" sikioni mwa kijibwa kinachojifunza. Nata, yaani malai, na Lata, yaani kopo la bati, yako karibu mno na "leta". Nina, linalopendwa sana Brazili, lina tatizo la aina yake katika nyumba ya Waswahili, kwani kila anayesema "nina kazi" au "nina njaa" atakuwa amemwita mbwa, na mbwa anayeitwa mara hamsini kwa siku bila sababu hujifunza kutoitikia. Tico kwa matamshi ya Kibrazili ni "Chiku" kabisa, na bila shaka unamjua mtu mwenye jina hilo.

Hapo tumefika kwenye heshima, nami nalichukulia jambo hili kwa uzito. Wareno na Wabrazili huwapa mbwa majina ya watu bila kinyongo, wakawaita Chico, Rita, Bento au Benedita, lakini miongoni mwetu kumwita mbwa kwa jina la jirani ni kumtukana jirani. Lipo na la kuangalia zaidi. Fátima ni mji maarufu wa hija wa Wakatoliki nchini Ureno, na jina lake huonekana katika orodha za majina ya Kireno kana kwamba ni neno la kawaida tu. Kwa Muislamu ni jina la binti wa Mtume. Lisikaribie ukosi wa mbwa kamwe. Vasco nalo hupewa mbwa mara nyingi. Halikatazwi, lakini msemaji wa Kiswahili atamkumbuka Vasco da Gama aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na meli za kivita za Wareno zilizozipora Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Mimi nisingelichagua.

Sasa maana, na hapa kuna utajiri. Njia ninayoipenda ni kumtazama mbwa mwenyewe kwa siku mbili tatu kabla ya kufungua orodha yoyote. Farrusco, mojawapo ya majina ya kale ya mbwa wa mashambani Ureno, humaanisha aliyepakaa masizi, na humfaa mbwa mweusi aliyefifia au mwenye mabaka ya kijivu usoni. Faísca ni cheche, kwa yule asiyetulia. Malhado ni mwenye madoa, na akiwa jike anakuwa Malhada, kwa sababu sifa za Kireno hufuata jinsia: Preto na Preta (mweusi), Pequeno na Pequena (mdogo). Majina ya vitu hayabadiliki, kwa hiyo dume anaweza kuitwa Estrela bila kosa, na Mel, asali, ni neno la kiume katika sarufi ingawa Wabrazili hulipenda kwa majike. Mbwa mdogo anayekufurahisha mwongezee -inho au -inha, mwisho unaobeba udogo na mapenzi kwa pamoja: Pretinho, Estrelinha. Angalia tu urefu usizidi.

Jina ninalolionea wivu kwa wenye mbwa hodari wa kunusa ni Faro. Ni mji wa kusini mwa Ureno, na papo hapo ni neno la Kireno la uwezo wa mbwa kunusa. Silabi mbili, mkazo mwanzoni, halifanani na amri yetu yoyote. Ramani ina mengine ya namna hiyo: Tejo, mto unaopita Lisbon, ambalo Wareno wamewaita mbwa wao tangu zamani, ingawa j yake ni laini kuliko yetu, karibu na z na sh zikichanganywa; Pico, kisiwa cha Azores, visiwa vya Ureno baharini, chenye mlima mrefu kuliko yote ya Ureno, mita 2,351; na miji ya Beja, Sintra na Évora. Mbwa wako akiwa wa uzao wa Kireno, asili yake yenyewe itakuelekeza. Cão da Serra da Estrela, mlinzi mkubwa wa mifugo, ametoka milimani ambako theluji huanguka, naye hupendeza akiitwa Serra, yaani safu ya milima, au Neve, yaani theluji. Cão de Água Português alifanya kazi na wavuvi, akiogelea kufuata nyavu na kubeba ujumbe kati ya mashua, hivyo Onda (wimbi), Remo (kasia) au Maré (maji kujaa na kupwa) yamemkaa. Wala huyo aliyeokotwa barabarani hakunyimwa. Wabrazili humwita mbwa asiye na uzao maalumu vira-lata, mpindua makopo, na yule wa rangi ya kahawia nyepesi, Caramelo, amekuwa kipenzi cha taifa zima.

Zipo pia hazina tulizonazo bila kujua. Meza, leso, bendera, pipa, parafujo na foronya viliingia Kiswahili kutoka Kireno, na ukilirudisha neno katika umbo lake la asili unapata jina ambalo ni geni na la nyumbani kwa wakati mmoja. Kwa mbwa anayebeba mkia juu muda wote, Bandeira. Kwa mnene mwenye miguu mifupi, Pipa.

Jihadhari usichukue Kihispania ukidhani ni Kireno. Luna (mwezi) ni Kihispania, Kireno ni Lua. Blanco (mweupe) ni Kihispania, Kireno ni Branco. Perro ni Kihispania, katika Kireno cha kila siku mbwa ni cão, au cachorro kwa Wabrazili. Ukiona ñ, huo ni Uhispania. Ukiona nh, lh, ã au ç, kuna uwezekano mkubwa kwamba uko mahali sahihi.

Ukibakiwa na majina mawili au matatu, yajaribu kwa mdomo. Simama mwisho wa ua, mpe mtu mwingine mbwa amshike, uite kila jina kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti ya dharura, kama vile lango liko wazi. Jina linalokukwama kooni liondoe, hata kama maana yake inakuliza. Mbwa mkubwa aliyekuja na jina lake la zamani mtafutie linaloanza kwa sauti ileile: aliyeitwa Simba atalizoea Simão, aliyeitwa Tomi atalizoea Tomé, kwa sababu nusu ya neno anaijua tayari.

Kumfundisha jina si kazi ya siku nyingi ikiwa kila mtu nyumbani anaita sawa. Liandike jina kwa tahajia ya Kireno, na chini yake liandike linavyotamkwa kwa herufi za Kiswahili, ulibandike mahali pa wazi. Liite mara moja tu. Akigeuka akakutazama, mpe kipande kidogo cha chakula hapohapo. Fanya hivyo kwa dakika chache, mara mbili tatu kwa siku. Usilitumie kumkaripia, maana jina likiwa ishara ya adhabu atalikimbia. Na subiri wiki moja kabla ya kuliandikisha kwenye kadi ya chanjo ya daktari wa mifugo au kulichonga kwenye kibati cha ukosini. Katika wiki hiyo utasikia watu wako wanalikata wapi, na kama wote wamelikata mahali pamoja, basi chonga hilo fupi. Kibati cha mbwa wangu kina herufi nne, na hakikuhitaji ç wala ã.