Ufunguo wa akiba wa gari lenye imobilaiza: utengeneze kabla ule wa kwanza haujapotea

Kazi yangu ni funguo za magari, na wateja wangu ni wa aina mbili. Yupo anayekuja na ufunguo mmoja mkononi akitaka wa pili. Huyo mara nyingi namaliza naye ndani ya saa moja. Halafu yupo anayepiga simu ufunguo wa pekee ukiwa umeshapotea. Kwa huyu wa pili gari pengine itabidi livutwe, sehemu ya dashibodi ifunguliwe, kisanduku cha imobilaiza (mfumo unaozuia injini isiwake kwa ufunguo usiotambulika) kitolewe na kumbukumbu yake isomwe mezani. Gari linaweza kuwa lile lile na mwenyewe yule yule, ila amechelewa wiki moja. Naandika ili uje kwangu, au kwa fundi yeyote, ukiwa yule wa kwanza.

Gari linatambua nini hasa

Ufunguo wa gari ni vitu vitatu vilivyokaa pamoja. Kuna chuma, kinachozungusha swichi na kufungua mlango. Kuna rimoti, yaani vile vitufe vya milango vinavyotumia betri ndogo. Na kuna chipu, ambayo ndiyo yenye idhini ya kuwasha injini.

Chipu haina betri. Kuzunguka tundu la swichi kumefungwa koili ya waya, na ukiwasha swichi koili hiyo hutoa mawimbi, kwa magari mengi kilohezi 125. Chipu hupata umeme wake kutokana na mawimbi hayo hayo, kisha inajibu. Imobilaiza ikilitambua jibu, kompyuta ya injini inaruhusu mafuta na moto wa plagi. Mazungumzo yote hayo huisha kabla hujaachia mkono, na hufanyika kwa umbali wa sentimita chache tu.

Ndiyo maana betri ya rimoti ikifa, milango inagoma lakini gari linawaka kama kawaida. Na ndiyo maana ufunguo uliochongwa vizuri bila chipu utazunguka laini kabisa na bado gari litakataa. Namna ya kukataa hutofautiana: kuna magari ambayo stata haipigi kabisa, kuna ambayo stata inapiga lakini injini haishiki, na kuna ambayo injini inashika sekunde moja au mbili kisha inazima. Hiyo ya mwisho huwapoteza watu wengi. Wanabadilisha pampu ya mafuta bure.

Hatua ya 1: Hakikisha kama ufunguo wako una chipu

Usikisie kwa mwaka wa gari. Umoja wa Ulaya ulilazimisha imobilaiza kwenye magari mapya ya abiria kuanzia Oktoba 1998, Australia ikafuata 2001 na Kanada 2007, lakini magari yaliyotengenezwa kwa masoko mengine hayafuati tarehe hizo. Kichwa cha plastiki pia si ushahidi.

Kwa ufunguo wa kuzungusha, chukua karatasi ya foili ya jikoni, kizungushie kichwa cha ufunguo tabaka mbili tatu, uache chuma wazi. Jaribu kuwasha. Gari likigoma, na ukitoa foili likawaka, chipu ipo. Angalia pia kama dashibodi ina taa ndogo yenye picha ya gari na kufuli, au ya ufunguo. Taa hiyo ikimetameta swichi ikiwa imewashwa, gari linakwambia halijautambua ufunguo.

Hatua ya 2: Kusanya namba na karatasi

Andika namba ya chesisi, modeli na mwaka. Tafuta kibati kidogo cha chuma au plastiki kilichokuja na funguo gari likiwa jipya. Namba iliyo juu yake ndiyo namba ya mchongo, na kwa namba hiyo fundi anaweza kuchonga chuma hata bila kuuona ufunguo wenyewe. Kama kuna kadi yenye namba ya siri ya imobilaiza, itoe pia, kwa sababu kuna magari ambayo hayamruhusu fundi kuongeza ufunguo bila namba hiyo.

Beba kadi ya usajili wa gari na kitambulisho chako. Mimi sianzi kazi bila hivyo viwili, hata kwa jirani ninayemjua. Fundi asiyekuuliza kitu leo, kesho hatamuuliza mwingine atakayesimama pembeni ya gari lako.

Wenye Toyota za zamani kidogo waangalie rangi ya kichwa cha ufunguo. Ule mweusi ni mkuu. Wa kijivu unawasha gari lakini hauna mamlaka ya kusajili mwenzake. Ukibaki na wa kijivu peke yake, hesabu kana kwamba umepoteza zote.

Hatua ya 3: Chagua, kunakili au kusajili

Kunakili ni kusoma chipu ya zamani na kuandika chipu mpya inayofanana nayo. Gari haliguswi, wala halijui kama kuna funguo mbili. Ni njia ya haraka, lakini si kila chipu inanakilika, na ina kasoro ambayo mteja haambiwi: siku ufunguo mmoja ukiibiwa, huwezi kuufuta kwenye gari bila kuufuta na ule uliobaki nao.

Kusajili ni kuitambulisha chipu mpya, yenye namba yake, kwenye kumbukumbu ya gari. Fundi huchomeka mashine kwenye soketi ya OBD, yaani ya kuchunguzia kompyuta za gari, ile ya pini 16 iliyo chini ya usukani, kisha anaongeza ufunguo. Mimi nasisitiza njia hii kila inapowezekana, kwa sababu kila ufunguo unakuwa na jina lake na unaweza kuondolewa peke yake au zote zikafutwa na kusajiliwa upya.

Kuna magari yanayokuruhusu kusajili mwenyewe bila mashine. Ford nyingi ni mfano: unaingiza ufunguo wa kwanza unaotambulika, unawasha swichi sekunde chache, unautoa, papo hapo unafanya hivyo hivyo na wa pili unaotambulika, kisha unaingiza mpya. Sekunde zenyewe zimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Lakini umeona sharti lilivyo? Lazima uwe na funguo mbili tayari. Mwenye mbili anajipatia wa tatu nyumbani. Mwenye mmoja anahitaji mashine.

Hatua ya 4: Nunua ufunguo sahihi, na usitupe kava la zamani

Fundi aisome kwanza chipu yako ndipo ununue. Magari mawili ya jina moja na umbo moja yanaweza kuwa na chipu tofauti. Rimoti nayo ina masafa yake: megahezi 315 au 433 ndizo utakazokutana nazo zaidi, na ya masafa tofauti haitafungua mlango hata kama chipu inakubali. Kuhusu funguo zilizotumika kwenye gari jingine, kuwa mwangalifu. Chipu nyingi zikishasajiliwa hujifunga kwa gari lile la kwanza.

Kuna dada aliniita gari lake likiwa limegoma ghafla. Alikuwa ameagiza kava jipya la ufunguo kwa sababu la zamani lilipasuka. Alihamisha sakiti ya vitufe, akahamisha betri, akabana skrubu, milango ikafunguka vizuri, injini ikakataa. Nikamuuliza, "Dada, kava la zamani liko wapi?" Akanyamaza, kisha akasema, "Fundi, nimelitupa asubuhi." Tulipekua mfuko wa taka pamoja mpaka tukalipata. Ndani yake, kwenye kijishimo pembeni ya chuma, chipu ilikuwa imekaa vile vile: kijiwe cheusi kidogo, kimebanwa na gundi kavu. Nilikichokoa kwa ncha ya bisibisi ndogo, taratibu, nikakihamishia kwenye kava jipya. Gari likawaka mara moja.

Kwa hiyo ukibadilisha kava, tafuta chipu kabla ya kutupa chochote. Mara nyingine imeunganishwa kwenye sakiti ya vitufe na inahama nayo. Mara nyingine imejificha peke yake, ama kama kijiwe cheusi, ama kama kijichupa cha kioo ambacho ukikibana kwa koleo kinapasuka na kazi imeharibika.

Hatua ya 5: Chonga chuma

Kama namba ya mchongo ipo, sema achonge kwa namba. Ufunguo wa miaka kumi na tano umelika, na ukiunakili unanakili na ulaji wake. Mpya unazaliwa mzee. Chuma kijaribiwe mlangoni na kwenye swichi kabla ya kugusa kompyuta. Kikikwama, usilazimishe.

Hatua ya 6: Siku ya kusajili

Njoo na funguo zako zote, hata ule wenye vitufe vilivyokufa. Kwenye magari mengi, Volkswagen kwa mfano, usajili hufanywa kwa mkupuo mmoja na ufunguo usiokuwepo hapo unatolewa kwenye orodha.

Jambo ninalolikazia kuliko yote hapa ni betri ya gari. Iwe na volti 12.4 au zaidi kabla ya kuanza. Zima taa, redio na feni. Kama ni dhaifu, fundi aunge chaja. Umeme ukianguka katikati ya kuandika, kompyuta inaweza kuharibika, na hapo hatuzungumzii tena ufunguo. Toa pia funguo nyingine kwenye pete, maana chipu mbili zikikaribiana koili inaweza kuchanganyikiwa.

Kazi ikiisha, mwombe fundi akuonyeshe kwenye mashine idadi ya funguo zinazotambulika. Kama unashika mbili na gari linasema tatu, upo ufunguo wa gari lako usioujua ulipo, hasa kama ulilinunua likiwa limetumika. Zifutwe zote zisajiliwe upya, hapo hapo.

Hatua ya 7: Jaribu kabla ya kuondoka

Peleka ufunguo wa zamani mbali, hatua kumi au zaidi. Washa kwa mpya, acha injini iende dakika nzima, zima, subiri kidogo, rudia. Jaribu kila kitufe, buti, na kifuniko cha tangi kama kina kufuli. Ukijaribu kufunga milango, shusha kwanza kioo cha dereva.

Kwa magari ya kitufe cha kuwasha, fanya na jaribio la betri iliyokufa: toa betri ya ufunguo, kisha gusisha ufunguo kwenye kitufe, au uweke mahali palipotajwa kwenye kitabu cha gari, na uwashe. Ni vyema ukajua mahali hapo pa kugusisha sasa kuliko usiku ukiwa peke yako.

Ufunguo mpya ukae nyumbani au kwa mtu unayemwamini, kamwe si ndani ya gari. Mara moja kila miezi michache utumie siku nzima. Kile kibati chenye namba ya mchongo kitoe kwenye pete ukakihifadhi pamoja na karatasi za gari nyumbani, kwa sababu namba hiyo inatosha kuchonga chuma kitakachofungua mlango wako.