Unataka kuacha diazepamu uliyoitumia miaka? Shuka taratibu, usiikate ghafla

Hii nawaandikia wale ambao walipewa diazepamu, wengi tunaiita tu valiamu, labda kwa sababu ya wasiwasi, labda baada ya msiba usingizi uligoma, daktari akaandika ya wiki mbili halafu wiki mbili zikawa miaka kwa sababu duka la dawa la mtaani wanakujua na wanakupa bila hata kuuliza cheti. Inawahusu pia wanaotumia ndugu zake, yaani lorazepamu, klonazepamu na alprazolamu ambayo wengine mnaijua kama Xanax. Zote ni familia moja, na mwongozo wa kitabibu unasema zitumike muda mfupi, wiki mbili mpaka nne hivi, kwa hiyo kama umezimeza kila siku kwa muda mrefu na mwili umezizoea, sio uteja wala udhaifu wa imani, ni jinsi dawa yenyewe inavyofanya kazi.

Cha kwanza kabisa, kabla hujasoma mengine: usiache kesho asubuhi. Usitupe vidonge chooni kwa hasira. Ubongo una kemikali yake ya kutuliza inaitwa GABA, na hizi dawa zinaipa nguvu, sasa ukizitumia muda mrefu ubongo unajipanga upya ukitegemea ule msaada wa nje, ukiuondoa kwa mara moja unabaki umewaka bila kizuizi. Hapo ndipo mtu anatetemeka, anatoka jasho, moyo unadunda, halali, na wengine wanapata degedege kama mtu wa kifafa au wanachanganyikiwa na kuona vitu ambavyo havipo. Watu wamekufa kwa hili. Na diazepamu inadanganya, kwa sababu inakaa sana mwilini, mtu anaacha Jumatatu, Jumatano yuko poa anajisifu ameweza, halafu mwisho wa wiki ndio arosto, yaani mateso ya mwili kuikosa dawa, inamshukia. Alprazolamu na lorazepamu zenyewe hazisubiri, siku moja mbili tu unaona.

Kwa hiyo unaanzia kwa daktari, na uende na boksi lenyewe au karatasi ya vidonge, useme ukweli unameza mg ngapi kwa siku, tangu lini, na nini kingine unatumia. Ukiweza fika kliniki ya afya ya akili, hospitali nyingi za rufaa wanayo, Muhimbili ipo, Dodoma kuna Mirembe, Nairobi kuna Mathari. Kama una kifafa, umewahi kupata degedege, una mimba, unakunywa pombe kila siku, unameza tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, au dozi yako ni kubwa, usijaribu kabisa kushusha mwenyewe nyumbani, wewe unahitaji kuangaliwa kwa karibu na pengine kulazwa. Na kama dawa yako ni ile inayoisha haraka mwilini, daktari anaweza kukuhamishia kwenye diazepamu kwanza ndipo mshuke, ila hesabu hiyo mwachie yeye, maana nusu mg tu ya alprazolamu inakaribia mg 10 za diazepamu, ukikosea hapo umejizidishia au umejikata ghafla bila kujua.

Sasa kushuka kwenyewe. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2025 unasema muanze kwa kupunguza asilimia 5 mpaka 10 ya dozi, halafu mtulie wiki mbili mpaka nne kabla ya kupunguza tena, na isizidi asilimia 25 ndani ya wiki mbili. Ni kama kushuka mlima Kitonga kule Iringa na lori limejaa, unashuka na gia ndogo mwanzo mpaka mwisho, haijalishi una haraka gani. Chukua mfano wa mtu anayemeza mg 10 kwa siku. Vile vidonge vya mg 5 vina mstari katikati, ukikata nusu ni mg 2.5, robo ni mg 1.25, mwanzoni inaweza kufaa ila huko chini robo ya hicho kidonge ni kubwa mno, kwa hiyo muombe daktari akuandikie vya mg 2 na uzungushe famasi mpaka uvipate. Hapo mg 10 ni vidonge vitano, unatoa nusu kidonge kila hatua, 9, 8, 7, 6, 5, na ukifika 5 unaanza kutoa robo robo, yaani nusu mg, 4.5, 4, 3.5 hivyo hivyo mpaka chini. Hizo ni hatua 15, ukichukua wiki mbili mbili ni kama miezi saba, ukichukua nne nne ni zaidi ya mwaka. Ndiyo, mwaka. Na mg mbili za mwisho ndizo zinazowaangusha wengi, wanaona kimebaki kidogo wanakiachia mara moja, kumbe kutoka mg 2 kwenda 1 umekata nusu ya dozi nzima. Hapo chini ndio unaongeza wiki za kupumzika.

Kukata, nunua kile kikatio cha vidonge famasi, kama hakuna tumia wembe mpya juu ya sahani kavu, kata kidonge cha siku hiyo au mbili tu usikate vya mwezi vikaanza kumeguka. Usisage ukaweka kwenye maji ukapima kwa kijiko, diazepamu haiyeyuki vizuri kwenye maji, leo utakunywa nyingi kesho kidogo. Kuna mama mmoja namfahamu alichora mistari nyuma ya daftari la mjukuu, kila mstari siku moja, anaandika amekunywa kiasi gani, amelala saa ngapi na neno moja la hali yake, na lile daftari ndilo alilokuwa anamfungulia daktari kila akirudi. Fanya hivyo, kumbukumbu ya mtu asiyelala haiaminiki.

Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizi kule Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 mpaka 1994, na jambo alilolisisitiza sana ni kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye apange mwendo. Ukishuka ukaona mambo magumu unabaki hapo hapo ulipo wiki kadhaa zaidi, hujashindwa. Ila usiwe wa kupanda na kushuka, leo robo kesho kimoja kwa sababu kuna kikao kinakutisha, hiyo inauchanganya mwili kuliko kitu chochote.

Wengi wanarudi nyuma hapa: wasiwasi unapanda baada ya kupunguza, wanasema basi ugonjwa umerudi, siwezi kuishi bila hii dawa. Angalia muda. Kama imekuja siku chache baada ya kupunguza na inaletana na vitu ambavyo hukuwa navyo zamani, masikio yanavuma, mwanga unaumiza macho, misuli imekaza, ganzi, basi kwa kiasi kikubwa hiyo ni arosto, inakuja kwa mawimbi na inapungua. Mweleze daktari wako vile vile.

Wakati huo pombe acha kabisa, na kahawa, energy drink, miraa punguza, haviwezi kukusaidia na moyo unaodunda. Amka saa ile ile hata kama hukulala. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani, mke, dada, yeyote mwenye kifua, ajue dalili za hatari. Na kama kuna anayekuambia umeombewa tupa dawa, muombe aendelee kukuombea na wewe uendelee kushuka robo robo, maombi na ratiba ya daktari havigombani. Wanaofunga Ramadhani, ongea na daktari mapema, diazepamu inaweza kupangwa futari na daku, ila usianze hatua mpya mwezi huo. Mnaokwenda Dubai au Oman kikazi, hizi ni dawa za kudhibitiwa kule, ulizeni taratibu za kibali kabla ya safari na mbebe cheti.

Dawa isikuishie katikati, nenda famasi ikiwa bado una ya wiki nzima. Ukiona degedege, kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo au mawazo ya kujidhuru, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, sio kesho.

Na ukimaliza kile kipande cha mwisho usiweke akiba kwenye droo. Mwili haujazoea tena dozi yako ya zamani, ukiimeza ile yote usiku mmoja wa shida inaweza kukuzimisha, tena ukichanganya na pombe unaweza usiamke. Vilivyobaki virudishe famasi, na kliniki endelea kwenda.