Somo: Mtoto ameingia chuo cha kijeshi, sisi wa nyumbani tufanye nini?

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara saba: "Mwanangu ana wiki mbili chuoni, hajapiga simu, nifanye nini?" Kila mara najibu kwa moyo, maana najua usingizi unavyogoma. Lakini kuandika vipandevipande kumenichosha, na anayeuliza leo hasomi aliyojibiwa wa jana. Kwa hiyo naweka yote hapa. Mimi ni mama wa binti aliyemaliza na kuvishwa nyota yake. Naongelea zaidi wiki sita au saba za mwanzo, ndizo zinazowaliza wazazi.

Hatua ya 1. Fuateni orodha ya vifaa mliyopewa. Kisichoandikwa kibaki nyumbani.

Hatua ya 2. Ijueni kalenda kabla hajaondoka. Kila chuo kina yake. West Point, Marekani, huanza na mafunzo ya awali ya kiangazi ya takriban wiki sita, kabla ya kitabu chochote kufunguliwa. Annapolis, chuo cha jeshi la maji la Marekani hiyohiyo, ni kama wiki saba, na kwa desturi kadeti mpya, yaani mwanafunzi wa uofisa, hupata simu tatu tu kipindi hicho chote. Sandhurst, Uingereza, kozi ya maofisa ni wiki 44 katika mihula mitatu, na wiki tano za kwanza hatoki nje. Ulizeni chuo chenu: simu ya kwanza lini, kutembelewa lini, likizo lini. Andikeni ukutani. Kimya kilichopangwa hakitishi kama kimya usichokijua.

Hatua ya 3. Kuaga kuwe kufupi. West Point kwa miaka mingi familia zilipewa sekunde 90, basi. Yale mazito yasemeni usiku wa kuamkia safari, mkiwa mmekaa.

Hatua ya 4. Andikeni barua, tena ya kwanza itumeni kabla hajaripoti, aikute. Bahasha iwe ya kawaida. Ukiipamba kwa rangi na maua, barua ikigawiwa mbele ya platuni, yaani kikosi chake kidogo, ataitwa yeye, na wiki hizo hakuna kadeti anayetaka kuonekana tofauti. Ndani andika mambo madogo ya nyumbani: mdogo wake kang'oka jino, mlango wa uani umetengenezwa. Anachotaka kujua ni kwamba nyumba bado ipo vilevile.

Hatua ya 5. Vifurushi: subirini mruhusiwe.

Hatua ya 6. Simu ya kwanza. Hapa ndipo nilipoharibu. Someni taratibu.

Ilikuwa Jumapili jioni, wiki ya tatu, nakunja nguo. Ikaingia namba nisiyoijua. Nilisikia pumzi kwanza, halafu sauti iliyokauka kwa kelele za kwata: "Mama, nina dakika tano." Mbili zikaishia kwenye kilio. Akasema nyayo zimechubuka, usingizi hautoshi, kila anachogusa anakosea, anataka kurudi. Nikamjibu alivyonituma moyo: "Rudi mwanangu, nakuja kukuchukua." Muda ukaisha, simu ikakatika.

Nikashusha pumzi, nikaona nimemwokoa. Kumbe nimemrudisha bwenini na mzigo ambao hakwenda nao kwenye simu: sasa ilibidi achague kati ya chuo na mama yake. Aliniambia baadaye kwamba siku nne zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote, kila akiitwa jina anadhani nimefika getini. Aliandika ombi la kuondoka, akalichana, akaandika tena, akachana. Barua aliyonitumia wiki ile ninayo mpaka leo. Pembeni ina alama ya kidole chenye kiwi ya buti, na katikati mstari huu: "Mama, nilitaka unisikilize tu. Sikutaka uamue."

Basi tahadhari zangu ni hizi.

Usimwambie arudi. Wala usimwambie "ukirudi usikanyage hapa". Yote mawili ni kuamua kwa niaba yake.

Usimpe habari ya ugomvi, deni au ugonjwa wa nyumbani ambao hawezi kuufanyia kitu. Wewe utaongea na jirani, yeye atalala nayo peke yake.

Usipige simu chuoni kwa sababu amelia. Amelia kwa kuwa baada ya siku nyingi za amri kasikia sauti ya mtu anayempenda. Nusu saa baadaye amekaa chini na wenzake wanang'arisha buti, kilio kimebaki kwako.

Mwambie "nakusikia". Muulize leo wamefanya nini, kesho kuna nini. Mrudishe kwenye kesho asubuhi, aachane na mwaka mzima. Akisema anataka kuacha, mjibu: "Hilo tutalizungumza umeshapumzika." Muda upo. West Point na Annapolis, kwa mfano, kadeti anaweza kuondoka bila deni la utumishi, yaani bila kudaiwa miaka ya kulitumikia jeshi, mpaka mwanzo wa mwaka wa tatu. Hakuna sababu ya kuamua maisha yake ndani ya dakika tano za wiki ya tatu.

Hatua ya 7. Siku ya kutembelea au likizo ya kwanza: mwacheni alale. Msimpangie ziara za ndugu.

MASWALI

Baba wa Wawili: Kijana wangu ana siku kumi na mbili kimya. Hii ni kawaida?

Jibu: Hatua ya 2, baba. Uliza kalenda ya chuo chake.

Mzazi Mpya: Naweza kumfichia simu ndogo ndani ya kifurushi?

Jibu: Hapana. Ikikutwa, anayeadhibiwa ni yeye, pengine na platuni nzima. Na umemfundisha kudanganya mahali ambapo uongo unafukuzisha watu. Kanuni ya heshima ya West Point inasema kadeti hatadanganya, hataibia, hatafanya hila, wala hatamvumilia afanyaye hayo. Vyuo vingi vina kanuni za namna hiyo.

Mzazi Mpya: Ni simu tu jamani.

Jibu: Nimeshajibu.

Dada Mkubwa: Shikamoo mama. Mdogo wangu anasema wanafokewa kwa mkunjo wa shuka. Sipingi, nataka kuelewa tu. Shuka na vita vinahusianaje?

Jibu: Marahaba mwanangu, umeuliza jambo la maana. Shuka yenyewe haina uzito, uzito uko kwenye muda. Wanapewa kazi nyingi kuliko dakika zilizopo, makusudi. Anayejaribu peke yake anashindwa kila siku. Wanaogawana, huyu atandike vitanda viwili, yule apige deki, yule akague vifungo vya wote, hao wanamaliza. Hilo hawaambiwi, wanaligundua wenyewe, na ndiyo maana wanatoka na marafiki wa maisha. Pili ni kuzoea vitu vidogo: leo ni mkunjo, kesho ni kusoma ramani kwa usahihi akiwa amechoka na mtu anapiga kelele sikioni. Sandhurst kadeti hufika siku ya kwanza amebeba ubao wake wa kupigia pasi. Ukiona picha za siku ile utadhani wamekosea safari, lakini kazi imeshaanza.

Jambo jingine, West Point kadeti wa mwaka wa kwanza kwa desturi alikuwa na majibu manne tu kwa mkubwa wake: ndiyo, hapana, sijaelewa, na "sina udhuru". Hilo la nne ndilo gumu. Kuchelewa kwa sababu ya mtu mwingine, ukasema sina udhuru. Mdogo wako akija likizo akakujibu kwa mkato hivyo, usidhani amekasirika. Mpe siku mbili, maneno yatarudi.

Dada Mkubwa: Nimeelewa, asante sana. Ndiyo maana barua yake ya mwisho ilijaa majina ya wenzake, yeye mwenyewe hakujitaja.

Jibu: Hiyo ni dalili nzuri sana.

Mpenda Haki: Mnapamba manyanyaso. Mtoto akiumizwa mnamwambia "nakusikia"?

Jibu: Sijapamba kitu, na nisome vizuri. Kufokewa, kuchoka na kukimbizwa ni mafunzo. Kupigwa, kunyimwa daktari, kushikwashikwa au kutakiwa jambo la aibu, kutishwa asiseme, hayo si mafunzo popote pale. Hapo unapiga simu siku hiyohiyo, kwa kamanda wa kombania, yaani kikosi kinachokusanya platuni kadhaa, na kwa walio juu yake, na unaandika tarehe, saa na jina la uliyeongea naye. Vilevile akisema neno lolote la kutaka kujidhuru: usingoje kesho. Niliyekataza ni mzazi anayepiga simu kwa sababu ya machozi. Machozi na majeraha ni vitu viwili.

Mpenda Haki: Sawa, hapo tumeelewana.

Mjukuu wa Bibi: Bibi yetu anaumwa sana na kaka yuko wiki ya nne. Hatua ya 6 umesema tusimwambie.

Jibu: Poleni sana. Nilisema msimpe kwenye ile simu ya dakika tano. Ugonjwa mkubwa au msiba hupitia ofisini, ili apewe habari akiwa amekaa na mtu, na suala la ruhusa lishughulikiwe papo hapo. Marekani familia hupeleka taarifa kwa Msalaba Mwekundu, nao huithibitisha kabla haijafika kwa kamanda. Kwenu pigeni kwa ofisa wa zamu. Muwe na jina lake kamili, namba yake, kombania, jina la hospitali na la daktari. Msimfiche mpaka mazishi yapite. Wengi hawasamehe hilo.

Baba wa Wawili: Nimepata kalenda. Simu ya kwanza ni Jumapili ijayo. Nimetulia.

Jibu: Kaa karibu na simu baba, na chaji iwe imejaa. Namba itakuwa ngeni, ipokee.

Mzee wa Buti: Naongezea kwa wanaojiandaa. Buti zivaliwe nyumbani wiki kadhaa kabla, dakika chache kwa siku, baadaye saa nzima, zikae na mguu. Kucha zikatwe mraba, zisichongwe pembeni. Soksi ikilowa ibadilishwe. Lengelenge la siku ya pili linaweza kumtoa mtu kwenye mazoezi wiki nzima.

Jibu: Asante sana mzee wangu. Wazazi wenye watoto wanaoripoti mwezi ujao, chukueni hili leo.

Mke wa Kadeti: Mimi barua nazipa namba, maana zinafika tatu kwa pamoja na hazifuatani. Aliwahi kusoma "mtoto amepona" kabla ya kujua kuwa aliugua.

Jibu: Hilo sikuwahi kulifikiria, nimeliongeza kwenye maelezo yangu. Namba iwe juu ya bahasha, kona ya kulia au ya kushoto?

Mke wa Kadeti: Nyuma, kwenye mfuniko. Mbele anaona mkufunzi.