Kabla Hujalipia Prado la Zamani: Kukagua Kutu na Paipu za Breki kwa Gari Lililokaa Pwani ya Mtwara

Gari la zamani linalouzwa Mtwara huwa linapendeza machoni. Bodi imepigwa polishi, viti vimevikwa vitambaa vipya, na mwenye nalo anakimbilia kufungua boneti usikie injini. Injini isikilize, sawa. Lakini kwenye Prado, Patrol, Escudo au RAV4 ya miaka ya tisini iliyozeekea pwani, hatari kubwa iko chini: paipu za breki zilizoliwa na kutu mahali pasipoonekana mpaka uguse. Ukaguzi huu unaweza kuufanya mwenyewe uani, kabla hujatoa hela, au kabla msimu wa korosho haujakukuta unashuka mteremko wa Newala na mzigo mgongoni.

Anza na maswali

Mengi ya magari haya yalitumika Japani kwanza. Yaliyotoka Hokkaido na mikoa mingine ya theluji yamepita miaka kwenye barabara zinazomwagwa chumvi ili barafu iyeyuke, na huja na kutu tayari tumboni. Kisha linafika huku. Uliza bila kuona haya: lilikuwa linalala Shangani karibu na maji, au Masasi? Lilikuwa likienda Msimbati na Ruvula kwenye mchanga? Lilibeba samaki, barafu, chumvi? Chumvi huvuta unyevu hewani, kwa hiyo chuma chenye chumvi hakikauki hata kiangazi. Mimi nikipewa magari mawili ya mwaka mmoja, moja la Mikindani na moja la Masasi, la Masasi ndilo naanza nalo.

Vifaa na kuinua gari

Tochi kali, bisibisi bapa, nyundo ndogo, brashi ya waya, kioo kidogo cha mkononi, kitambaa cheupe, sumaku na miwani ya kukinga macho, maana magamba ya kutu yatakudondokea usoni. Egesha penye sakafu ngumu, weka magogo kwenye matairi, inua kwa jeki, kisha kalisha gari juu ya stendi. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata fundi mwenzako akikwambia yeye hufanya hivyo kila siku. Kwenye mchanga usiinue kabisa.

Bodi

Hapa usipoteze muda mwingi. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kwenye kingo za fenda, chini ya milango na pembe za kioo cha mbele. Pasiposhika pana puti, na mara nyingi nyuma ya puti kuna tundu. Inua kapeti miguuni na mahali pa tairi la akiba. Sakafu ikiwa na maji au unga mwekundu, andika pembeni.

Chesisi

Kutu ya juujuu, ile ya kahawia inayotoka kwa brashi na kuacha chuma kigumu, ni ya kawaida kwa umri huo. Usiihofu. Unachotafuta ni kutu ya magamba. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana chesisi iliyooza huonekana nene, imevimba, na mtu asiyejua huidhania ni imara. Gonga kwa nyundo: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Kisha sukuma bisibisi kwa nguvu ya mkono. Ikizama, umemaliza kazi: chesisi imeoza.

Tazama zaidi nyuma ya matairi ya mbele, pale chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, na kila mahali springi, shokapu na mikono ya ekseli ilipofungiwa. Chesisi za Prado na Patrol zina uwazi ndani, na mchanga wa pwani huingia ukakaa humo ukishika maji. Ingiza kidole au waya kwenye matundu ya kutolea maji. Yakitoa tope lenye magamba, chesisi inaoza kutokea ndani.

Ukikuta tumbo zima limepakwa rangi nyeusi mpya au oili chafu, kuwa mkali zaidi. Oili chafu inaficha, na zaidi ya hapo inaharibu: hozi za breki zimetengenezwa kwa mpira usiopatana na oili ya injini, hivyo huvimba na kulegea. Kataa kununua mpaka muuzaji akuruhusu kukwangua sehemu chache.

Paipu za breki

Hapa tulia. Paipu hizi ni za chuma chembamba, kipenyo chake cha nje kwa kawaida milimita 4.75. Mtu akikanyaga breki kwa nguvu, mgandamizo ndani yake unaweza kupita psi 1,000, wakati tairi lako lina psi 30 na kitu. Paipu iliyobaki ngozi inaweza kushika vizuri kila siku kwenye mwendo wa mjini, ikapasuka siku moja tu, siku mtoto amekatiza barabara ukakanyaga kwa nguvu zote.

Anza kwenye masta silinda, ile pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali, fuata kila paipu kwa kidole mpaka gurudumu la mwisho. Usirukie. Sehemu iliyo wazi mara nyingi ni nzima kwa sababu inapata upepo. Ubaya uko chini ya vibanio vinavyoishikilia kwenye chesisi, maana mchanga na chumvi hujibana humo. Kulikuwa na Prado moja ya kubebea samaki, paipu yake ya nyuma ilikuwa safi mkono mzima. Nilipofungua kibanio kilicho juu ya tangi la mafuta, paipu ilikuwa na shimoshimo, nyembamba kama njiti, na pembeni unyevu uliokusanya vumbi jeusi. Mwenye gari akasema, "Fundi, mbona breki zinashika?" Nikamwambia, "Zinashika leo, mzee." Tukakubaliana halitoki hapo.

Kwa hiyo fungua vibanio, hasa vya nyuma ya tangi na juu ya ekseli ya nyuma. Pitisha brashi taratibu. Paipu yenye rangi iliyopauka inakubalika. Yenye mashimo, magamba au uvimbe ibadilishwe. Futa kila kiungo kwa kitambaa cheupe uone kama kuna unyevu. Kisha angalia hozi za mpira: mwenzako akanyage pedali huku wewe unatazama, ikivimba au ikiwa na nyufa, nje. Kwenye magari mengi kama Prado kuna pia vali ya kupima mzigo karibu na ekseli ya nyuma, yenye mkono unaocheza. Ukikwama kwa kutu, breki za nyuma hazipati nguvu inayotakiwa.

Pedali

Washa injini, kanyaga kwa nguvu, shikilia dakika nzima. Pedali ikizama polepole, kuna mvujo, au masta silinda imechoka ndani. Fungua kopo la mafuta ya breki: yakiwa meusi, yamezeeka. Mafuta haya hunywa unyevu, na unyevu hushusha kiwango cha kuchemka. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi 205, yaliyonyonya maji hushuka hadi karibu 140. Kwenye mteremko mrefu yanachemka, pedali inakwenda mpaka chini.

Ukiamua kutengeneza

Badilisha paipu nzima, kiungo hadi kiungo. Usikubali kipande kiunganishwe kwa hozi ya petroli na klipu, wala paipu ya shaba ya friji. Shaba tupu hukakamaa kwa mtikisiko ikapasuka. Omba paipu ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, haishikwi na kutu. Midomo ya paipu za breki za magari ya Kijapani hukunjwa mara mbili, hivyo fundi awe na kifaa chake. Chesisi ikichomelewa, betri ichomolewe na paipu ziondolewe karibu na moto. Mwisho toa hewa iliyoingia kwenye paipu za breki, gurudumu kwa gurudumu, weka mafuta mapya, rudia kupima pedali.

Baada ya hapo, kila ukitoka kwenye mchanga wa pwani, osha tumbo la gari siku hiyohiyo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukiingiza mpira kwenye matundu ya chesisi. Kisima chenu kikiwa na maji ya chumvichumvi, tumia ya bomba. Kisha endesha kidogo ukikanyaga breki taratibu mpaka zikauke.