Kuandaa Mikono ya Fundi Cherehani Kabla ya Msimu wa Sikukuu

Idi inapokaribia, mafundi cherehani wa Kariakoo hukata vitambaa tangu asubuhi hadi usiku, na haichukui siku nyingi kabla ya kusikia mmoja wao akilalamika kwamba kiganja kinamuuma. Jambo la kwanza la kuzingatia kabla ya msimu huo ni kwamba maumivu hayo mara nyingi hayaanzii pale yanaposikika. Vidole hukunjwa na kunyooshwa zaidi na kano ndefu zinazotoka kwenye misuli ya kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Mingi ya misuli inayokunja imejishikiza upande wa ndani wa kiwiko, na inayonyoosha upande wa nje. Fundi anapobana mkasi, ile ya kunyoosha nayo hukaza ili kifundo kisijikunje, ndiyo maana anayebana kutwa nzima huumwa upande wa nje wa kiwiko, jambo linalowashangaza wengi.

Msuli uliochoshwa bila kupumzishwa huweza kuwa na fundo dogo gumu, ambalo likibonyezwa hupeleka maumivu mbali. Fundo lililo chini kidogo ya kiwiko, upande wa nje, huweza kusikika mgongoni mwa kiganja, na mtu akachua kiganja wiki nzima bila nafuu. Basi ajikague mapema: apitishe kidole gumba taratibu juu ya kigasha, na akilipata fundo alibonyeze kwa nguvu inayovumilika, kwa sekunde 30 hivi, kisha aachie.

Mkasi unolewe kabla oda hazijaanza kuingia, kwa sababu mkasi butu hudai nguvu maradufu kwa kila mkato; kwa maoni yangu, hili lina faida kuliko mazoezi yote ya kunyoosha viungo. Meza ya kukatia isiwe ya kumlazimisha fundi kupinda kifundo, na kazi iongezwe kidogo kidogo, siyo kuruka kutoka magauni matano kwa siku hadi ishirini.

Ganzi ni habari nyingine. Ikishika kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, huenda neva inabanwa kwenye kifundo. Ikishika kidole cha mwisho na jirani yake, huenda neva nyingine inabanwa kwenye kiwiko. Hapo kuchua hakutoshi, na fundi aende hospitali akapimwe wakati bado ana nafasi ya kupumzisha mkono.