Kabla ya kwenda Fort Bowie, hesabu maji

Wengi hushtuka wakiambiwa gari halifiki. Fort Bowie ni magofu ya ngome ya jeshi la Marekani, kusini-mashariki mwa Arizona, na wanaoyatunza wameamua mgeni ayafikie kwa miguu. Gari unaliacha kando ya barabara ya Apache Pass, kisha unatembea kilomita 2.4 kwenda, na kurudi vilevile. Shemeji yangu niliyetoka naye Tucson aliangaza macho pale maegeshoni, akauliza, "Sasa ngome yenyewe iko wapi, shem?" Nikamwonyesha kijia kinachopotelea kwenye vichaka. Miguuni alikuwa na kandambili.

Kwa hiyo anza na viatu. Si lazima buti za mlimani, raba yenye soli nene inatosha, ila vidole vifunikwe. Vichaka vya huko vina miiba inayokamata nguo kama ndoano, na suruali ndefu utaishukuru hata kama kuna joto.

Halafu maji, na hapa nitakawia kidogo, maana bila maji ngome hii isingekuwepo. Apache Pass ni njia iliyobanwa kati ya milima ya Dos Cabezas na Chiricahua, na ndani yake kuna chemchemi isiyokauka katika nchi kavu. Waapache wa Chiricahua, wenyeji wa asili wa huko, waliitegemea. Mwaka 1858 magari ya farasi ya kampuni ya Butterfield, yaliyobeba barua na abiria, yakaweka kituo karibu nayo. Mapema mwaka 1861 luteni mmoja kijana wa jeshi la Marekani, George Bascom, alimwita kiongozi wa Waapache hao, Cochise, hemani na kumshutumu kwa kuteka mtoto, kosa ambalo hakulifanya. Cochise alipasua hema kwa kisu akatoroka, mateka wakauawa pande zote mbili, na vita ikawaka kwa miaka mingi. Julai 1862 askari wa kujitolea kutoka California walifika hapo wana kiu, wakakuta Waapache wameshika vilima vilivyo juu ya chemchemi. Maji waliyapata kwa kupiga mizinga. Majuma machache baadaye ngome ikaanza kujengwa, kuilinda hiyo chemchemi.

Utapita kando yake. Bado inachuruzika chini ya miti, na inatamanisha kweli, lakini usiyanywe. Beba lita 2 kwa kila mtu, 3 wakati wa joto. Mwinuko ni kama mita 1,500, haupishani sana na wa Arusha, ila hewa ni kavu mno: jasho hukauka kabla hujaliona, ukadhani hujachoka.

Majira mazuri ni vuli na masika ya huko, yaani Oktoba na Novemba, au Machi na Aprili. Kuanzia Julai hadi katikati ya Septemba mvua za radi hunyesha alasiri, na kijia kinakatiza makorongo yanayoweza kujaa ghafla hata kama juu yako ni jua. Nenda asubuhi. Miezi ya joto kuna pia nyoka wenye njuga mkiani. Angalia unapokanyaga na unapotia mkono, na ukisikia mchakacho simama kwanza ujue unatoka wapi. Mafuta ya gari jaza Willcox au mji wa Bowie, chakula beba chako, mtandao wa simu usiutegemee. Mwenye shida ya kutembea awapigie simu watunzaji mapema, kuna njia nyingine kwa ajili yake.

Soma kidogo kabla ya kwenda, maana magofu hayajielezi. Ngome ya kwanza ilikuwa vibanda na mahema tu kilimani. Ile kubwa ya pili ilianza mwaka 1868, jeshi likaihama 1894. Septemba 1886 Geronimo, kiongozi mwingine wa Waapache, aliletwa hapa baada ya kujisalimisha, akapelekwa kwa treni Florida, na Arizona hakuiona tena hadi alipofariki 1909. Kijia kinapita makaburini, ambako amezikwa mwanawe aliyeitwa Little Robe, mtoto mdogo. Ukienda na watoto wako, waeleze hapo kabla hawajaanza kukimbizana.

Paa na mbao zilishaondoka zamani. Kuta zilizobaki ni za tofali mbichi, udongo uleule wa nyumba za bibi zetu, na sote tunajua mvua inaufanyia nini. Watunzaji wamezipaka lipu ya chokaa, hivyo kwa mbali zinaonekana kama meno yaliyong'oka nusu. Ukisogea utaona kona zimekuwa duara, kama sabuni iliyotumika. Usiegemee wala kupanda kwa ajili ya picha. Kipande cha chupa au msumari wenye kutu ukiuona kiache kilipo. Kuokota ni kosa kisheria.

Wakati wa kurudi kuna njia ya pili inayopanda ukingoni, na kutoka juu unaiona ngome yote imetandazwa chini kama ramani. Haina kivuli. Kabla ya kuichagua tikisa chupa yako: ikiwa imeshuka chini ya nusu, rudi kwa njia uliyojia. Shemeji aliitazama yake, akazitazama na kandambili, akageuka bila kusema neno.